Mkanda wa Bi Mwanatabu

Chaani, Changamwe
4 Machi 1963

Shemeji yangu Barakat,

Nimemdhulumu mama yako. Nimeliandika hilo mbele ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza kukuuliza hali, nitauliza na hali ya majirani zako, karatasi itajaa, nami nitatia stempu nikishukuru kwamba nafasi imekwisha. Barua zangu zote zimekwenda hivyo tangu mwaka wa hamsini na tisa.

Sasa salamu. Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Idi tumeila Mishomoroni kwa mama, na watoto walishiba mpaka mmoja akalala juu ya sinia. Dada yako Kuluthum hajambo ila jino moja linamsumbua na hataki kwenda kuling'oa. Mahfoudha, yule aliyekuwa tumboni safari ile ya ndege, sasa ana ulimi mrefu kuliko kimo chake. Duka langu linakwenda polepole. Mteja akiishika kanzu aniambia, "Hii nitakuja kuichukua Uhuru ukiingia," kama kwamba Uhuru ni mshahara.

Barua uliyomletea Kuluthum ilifika. Aliisoma kwa sauti nami niko kwenye chakula. Umesema mwezi wa Agosti utachukua likizo, utashuka Mombasa, utaifunga nyumba ya Mishomoroni na kumhamishia mama kwako Nairobi moja kwa moja. Hukusema kama umemuuliza. Umesema, "Mama haambiliki, na ukaidi wake ndio uliomvunja nyonga." Pale nikalirudisha tonge sahanini. Kuluthum akaniuliza kama mchuzi una chumvi nyingi. Nikamwambia ndiyo.

Mama hakuufungua mkanda wa ndege, Barakat. Nilichokisema hospitali siku ile hakikuwa kweli. Huenda mkanda wenyewe haukukaza, vile vyuma vyao vilikuwa vya zamani, sijui. Lakini yeye hakuufungua.

Pengine huko mbali hujui lile neno langu limefika wapi. Watoto wa Mishomoroni wamwita Bi Mkanda. Mwanamke akimwona mwanawe anapanda ukuta, amwambia, "Haya, fanya kama Bi Mkanda, uvunjike." Yeye ambaye mtaani hakuozwa mwari bila kuitwa yeye kwanza, sasa harusi inapita mlangoni kwake na ngoma zake, na hakuna anayeingia kumuuliza. Nani atamuuliza mtu asiyesikia la mtu?

Usiifunge nyumba yake kwa sababu ya neno langu.

Nisalimie Alawiya, na umbusu mtoto.

Ni mimi shemejiyo,
Mahfudh


Pangani, Nairobi
30 Machi 1963

Kwa shemeji Mahfudh,

Waaleikum salaam. Sisi tuwazima. Mvua imeanza na njia ya kwetu imekuwa tope tupu, nafika posta viatu nimevishika mkononi. Alawiya anakusalimia. Yeslam ameanza shule, na kila jioni huja na Kiingereza kipya akamsemesha mamake, naye humjibu kwa Kiswahili chenye mwiko mkononi.

Barua yako niliisomea kazini nikaikunja. Wiki ya pili nikaikunjua tena, maana nilidhani nimeisoma vibaya.

Shemeji, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake hospitali, yeye kichwa kimefungwa na mguu umening'inizwa. Alikuja yule afisa Mzungu wa kampuni ya ndege na karatasi zake akauliza kwa Kiingereza, "Mwanamke huyu alikuwa amefunga mkanda?" Mimi ndiye niliyekutafsiria. Ukajibu, "Aliufungua mwenyewe, alisema unambana." Maneno yale nikayageuza mimi, kwa ulimi wangu, naye amelala baina yetu. Tena nikamgeukia nikamuuliza, "Ni kweli, Mama?" Akakutazama wewe kwanza. Halafu akasema, "Ndiyo. Ulikuwa unanibana."

Nilimwambia neno siku ile, na wewe ulilisikia. "Mama, hata angani hutaki kuambiwa?" Aligeuza uso ukutani. Miaka yote hii nimejipa haki kwa neno hilo. Maana zile tiketi nilizileta mimi. Gari la moshi lilikuwako, na mama mwenyewe alilitaka, alisema litampa nafasi ya kuchungulia. Ni mimi niliyetaka wenzangu wa posta wasikie kwamba mamangu kaja kumuona mjukuu kwa ndege. Basi kila usiku moyo ukinisuta kwa nini nilimpandisha ndege, huujibu: yeye mwenyewe kafungua mkanda, mimi nifanyeje?

Sasa waniambia hakuufungua. Na mwenyewe alisema aliufungua. Nyinyi wawili mnanifanya mtoto?

Na hiyo habari ya vyuma vya zamani iache. Nakuuliza moja tu. Kama hakuufungua yeye, aliufungua nani?

Wasalaam,
Barakat


Chaani, Changamwe
19 Mei 1963

Shemeji Barakat,

Salaam nyingi. Nilijiambia nitakujibu baada ya Idi ya kuchinja. Idi ikaja, nyama ikaliwa, ngozi ikauzwa, na karatasi iko palepale chini ya pima ya vitambaa. Jino la Kuluthum limeng'olewa. Alipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakaenda zao. Mahfoudha amepata surua lakini imemwachia. Mama hajambo, ila masika haya nyonga inamla, na Nyamvula, yule jirani yake Mgiriama, ndiye anayekuja asubuhi na jioni kumuinua na kumgeuza.

Hakuna aliyeufungua. Mkanda haukufungwa asilani.

Sasa nitakueleza yote, na ukinichukia nichukie kwa jambo lenyewe.

Wakumbuka ilikuwa aende Kuluthum, na kwa mimba ile akakatazwa. Mwanamume wa kumsindikiza mama akawa mimi peke yangu. Nawe wajua nilivyokuwa na mama yako. Tangu nimuoe dada yako sijaketi mkeka mmoja naye. Akiingia chumba hiki mimi natokea mlango wa pili. Nikitaka kumwambia neno namwambia Kuluthum, Kuluthum amwambie, hata kama sote watatu tuko uani twasikilizana. Sheikh angenicheka, maana kwa sheria mkwe ni mahram yangu, hata mkono si haramu kumpa. Lakini si sheria iliyonilea. Nililelewa na babangu, naye alikufa hajapata kumtazama mkwewe usoni.

Basi tulipopanda ndege pale Port Reitz, viti vyetu vilikuwa viwili vimegusana. Bega kwa bega na mkwe, mpaka Nairobi! Nilitokwa na jasho. Nikamketisha yeye dirishani, nikaweka kikapu chake cha halua kwenye kiti changu, nami nikavuka njia ya katikati nikakaa upande wa pili, nyuma kidogo, palikuwa pamebaki wazi. Nikaona nimefanya adabu kubwa.

Mimi nilishapanda ndege mara moja kwenda Unguja, mkanda naujua. Nikaufunga wangu. Nikamtazama mama. Buibui lilikuwa limemfunika mapajani kote, lakini kipande kimoja cha mkanda wake nilikiona kimelala juu ya kile kiti kitupu, kando ya kikapu, na chuma chake kinang'aa. Nikajua hakufunga. Ili nimfunge ilitaka niiname juu ya mapaja yake, nipitishe mikono kiunoni mwake, mbele ya watu. Nikasema moyoni, atafunga mwenyewe, kwani hawaoni wenziwe?

Akaja mhudumu, Mgoa mmoja mwenye adabu. Akawatazama abiria wote mikanda yao. Alipofika kwa mama akaona buibui, akaona haya kama mimi, hakutaka kuinua nguo ya mwanamke wa Kiislamu. Akanigeukia mimi. "Mama amefunga?"

Nikasema, "Amefunga."

Nilikuwa nakitazama kile chuma huku nasema.

Tulikwenda vizuri mpaka tukaiacha Voi. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua limeipiga nyika mpaka ndege inarukaruka kama toroli kwenye mawe. Mbele kulikuwa na wingu kubwa jeupe limesimama. Ile taa ya kuambia watu wafunge mikanda ikawaka. Mgoa akapaza sauti. Nikamtazama mama, na mkanda uko palepale. Niliinuka nusu, wallahi niliinuka. Halafu Mhindi mmoja mbele yangu akageuka akanitazama, nikakaa.

Ndege ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Vikombe vilipanda juu. Mama yako nilimuona akiondoka kitini bila kupiga kelele, buibui limetanuka kama mwavuli, akapiga dari kwa kichwa na bega. Kisha ndege ikasimama ghafla, ndio akaja chini, nyonga ikakuta mkono wa kiti. Nilisikia ule mvunjiko, juu ya kelele zote zile. Yule Mhindi alikuwa amefungua wake achukue chupa ya chai, akapasuka kipaji cha uso. Mgoa alivunjika mkono. Mimi mkanda wangu ulinishika vizuri kabisa. Uliniachia alama nyekundu tumboni, ikapotea siku ya pili.

Alipouliza yule afisa, nilitazama uso wako, Barakat. Nikaona nikisema kweli utaniuliza swali ambalo sina jibu lake. Ndipo nikamtupia mama.

Kwa nini naye alikubali, sijui. Sijathubutu kumuuliza. Tangu siku ile nimezidi kumkimbia, na watu wanasema, "Mtazame Mahfudh anavyomstahi mkwewe."

Mahfudh


Pangani, Nairobi
11 Agosti 1963

Mahfudh,

Barua yako ilifika.

Huku kuna baridi kali, watu wanavaa makoti mawili. Yeslam ameshika namba tatu darasani. Alawiya alikwenda kwao Malindi akarudi. Kazini kuna mambo mengi, Wazungu wawili wameondoka na kazi zao tumegawiwa sisi.

Likizo yangu nimeiahirisha. Kuhusu nyumba ya Mishomoroni sijaamua neno.

Msalimie Kuluthum. Wasalimie watoto. Msalimie Mama.

Barakat


Chaani, Changamwe
8 Septemba 1963

Shemeji Barakat,

Salamu zako nimezifikisha kwa wote waliotajwa. Kuluthum na watoto wazima. Ndege ya Nairobi inapita juu ya bati la duka langu kila siku, na Mahfoudha hutoka nje akaipungia mkono, ati anakusalimia wewe. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Barua yako niliielewa. Ungenitukana ningelala. Basi Jumapili iliyopita nikafunga duka nikaenda Mishomoroni peke yangu. Nitakuandikia maneno kama yalivyosemwa, usije ukadhani nimeyapunguza.

Nyamvula alikuwa ukumbini anachambua mchele. Aliponiona akacheka. "Hee! Leo mkwe kaingia bila kukohoa!" Kweli, nilisahau hata kukohoa. Nikabisha hodi mlango wa chumba.

Mama akauliza, "Kuluthum yuwapi?"

"Yuko nyumbani. Nimekuja peke yangu."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

Nikaketi kizingitini. Akaniambia, "Hapo hukaa paka. Kiti si hicho?" Nikahamia kitini, macho chini. Nikamweleza yote niliyokuandikia wewe, tangu kikapu cha halua mpaka kwa afisa. Nilipomaliza nilisikia ungo wa Nyamvula tu. Naye Nyamvula alikuwa hachambui tena, anausukumasukuma tu ili tusijue anasikiliza.

Mama akasema, "Ule mkanda nalikuwa nimeukalia."

Nikainua macho.

"Upande mmoja nimeukalia, chuma chake chanidunga hapa. Mimi sijui ni kitu gani. Nikasema, aliyezoea mambo haya yuko nyuma yangu, ataniambia. Yule Mgoa akaja akakuuliza, nikasikia. Ukasema, 'Amefunga.' Nikasema alhamdulillahi, kumbe kufunga ndiko huku kukalia. Nikatulia. Hata chuma nikakivumilia."

Barakat, mimi nilikuwa nikidhani mama alipanda juu kwa sababu nilinyamaza. Kumbe alipanda kwa sababu niliongea. Aliniamini. Angekuwa mkaidi kweli, kama tulivyomzulia, angegeuka akauliza.

Nikamuuliza, basi kwa nini hospitali ulikubali kwamba ulifungua? Akasema, "Nalikuona unazama. Mwanangu yuwakutazama na Mzungu kashika kalamu. Nikafikiri, nikisema huyu muongo, Barakat atamkamata shingo papa hapa, na Kuluthum yuko Mombasa na tumbo la miezi minane. Mtoto azaliwe kwanza, nikasema. Nyonga ishavunjika, haitaungwa kwa mimi kusema."

"Na mtoto alipozaliwa?"

"Nikakungoja wewe. Nalikustahi siku moja, Mahfudh. Sikukwambia uichukue stahi ile ukae nayo miaka minne. Watoto wa watu waniita jina hapo nje, wewe wapita na baiskeli wasikia, wapiga kengele tu wapate kukupisha."

Ni kweli. Nilipiga kengele.

Nikaanguka magotini nikamuomba radhi. Akasema, "Inuka, wanitia vumbi. Radhi sikupi leo."

"Nifanye nini, Mama?"

"Nyumba ya Barakat sijaiona. Safari ile nalifika Nairobi nikaona dari la hospitali, nikarudishwa na gari la moshi nimelala kama gunia. Nataka kwenda kuiona, kisha nirudi kwangu. Na nataka kwenda na ndege."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nyamvula naye akadakia kutoka ukumbini, "Bi Mwanatabu, na ndege tena? Hukukoma?"

"Nikomeshwe na nini? Ndege haikunikosea. Wewe Mahfudh utaketi ubavuni mwangu, si kule kwa Wahindi, na utanifunga. Tukishuka salama, hapo ndipo uniombe hiyo radhi, nami nitatazama. Lakini kabla ya hapo uwaambie wote uliowaambia lile la kwanza. Na mkeo awe wa mwanzo."

Kuhusu nyumba, alisema nikuandikie hivi: "Mwambie Barakat, walioshindwa kufunga mkanda wataweza kufunga nyumba?" Kisha akacheka, Barakat. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akaita Nyamvula aje amgeuze.

Nangoja neno lako.

Mahfudh


Pangani, Nairobi
20 Oktoba 1963

Mahfudh,

Salaam. Sote wazima. Mvua za vuli bado. Mji mzima unapakwa rangi, hata miti imepakwa chokaa miguuni.

Sikukujibu la maana mwezi wa Agosti kwa sababu kila nikianza nilikuwa natukana, na karatasi za posta si zangu. Nilikuandikia barua tatu za matusi nikazichana. Moja ilikuwa nzuri sana, naisikitikia.

Bado nina hasira nawe. Usidhani imekwisha kwa kuwa umeandika vizuri. Nikikumbuka uliinuka nusu ukakaa, nasimama kazini nakwenda dirishani. Lakini nilimsomea Alawiya maneno ya mama, nikafika pale pa "kumbe kufunga ndiko huku kukalia," nikampa karatasi amalize mwenyewe. Alawiya akaniambia, "Na wewe uliyemkaripia kitandani, utaomba lini?" Basi nami nina langu. Nitamwomba palepale uwanjani, akishuka.

Nyumba ya Mishomoroni haifungwi. Mtu mmoja niliyekuwa nimemwahidi aipange nimeshamwandikia atafute nyingine. Aliyekaa kitako akapanga kumhamisha mama yake bila kumuuliza ni mimi, hilo si kosa lako.

Nimemuuliza daktari aliyemtibu. Amesema aweza kupanda ndege akiketi wima na akiwekewa mto. Tiketi mbili nimeziagiza, za Jumamosi tarehe 7 Disemba, ndege ya asubuhi, kabla jua halijaichemsha nyika. Sherehe za Uhuru zikianza atakuwa kwangu, atakaa mpaka achoke nasi, kisha arudi kwake.

Sasa sikiliza sharti langu. Usije hapa ukiwa umemwambia Kuluthum peke yake. Ami yetu Rashid ndiye aliyeitangaza ile hadithi kila msiba na kila harusi, kwa sababu aliisikia kwako. Mbele yake useme, na mama asikie unavyosema. Kama hutaweza, tiketi yako mpe Nyamvula. Sitanuna. Nyamvula nitamlaki vizuri.

Barakat


Chaani, Changamwe
24 Novemba 1963

Shemeji yangu Barakat,

Waaleikum salaam. Watoto wazima. Kuluthum sijui kama mzima, maana haniambii. Nilimweleza siku ile ile niliyopata barua yako, tumekaa jikoni anakuna nazi. Hakuacha kukuna. Alikuna mpaka kifuu kikabaki cheupe, akaendelea kukikuna kifuu. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo aliposema unambana, nawe ulisimama pale pale?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi miaka yote hii nikimwambia, Mama ungesikia ungekuwa watembea." Kesho yake akachukua watoto akahamia Mishomoroni kwa mamake, na yuko huko mpaka leo. Simlaumu. Mama ndiye anayeniletea chakula kwa mkono wa mtoto wa Nyamvula. Juzi alileta na salamu: "Mwambie Mahfudh nimemtuma Kuluthum arudi, hataki. Huyo ndiye asiyeambilika, si mimi."

Tiketi yangu sitampa Nyamvula, ingawa amenichukia kwa hilo na ananipita bila kunisalimu.

Nilikwenda Port Reitz wiki iliyopita nikamuomba karani wa pale anionyeshe mkanda wa ndege. Akadhani naogopa safari, akanicheka, lakini akanipeleka kwenye ndege iliyosimama. Nimefunga na kufungua mpaka akasema, "Mzee, inatosha, utauchakaza." Nilitaka vidole vijue kazi yake hata nikifumba macho kwa haya.

Haya bado ninayo, Barakat, sikufichi. Nikifikiria mikono yangu kiunoni mwa mama yako mbele ya watu, jasho lanitoka hapa nilipo. Lakini nimekwisha ona haya yangu ilichomfanyia, na yeye hawezi hata kujigeuza kitandani. Basi haya hiyo na itoke.

Ahadi yangu ni hii, na barua hii iweke.

Ijumaa tarehe 6 Disemba, tukitoka msikitini, Ami Rashid na jamaa wote nimewaita kwa mama Mishomoroni. Sitakaa ukumbini na wanaume. Nitaketi mkeka mmoja na mama, chumbani kwake, milango wazi, Kuluthum akisikia, na nitasema yote kwa mdomo wangu kama nilivyokuandikia. Na wale watoto wa nje nitawaita niwaambie jina lake ni nani.

Jumamosi tarehe 7, asubuhi, nitamuinua mimi kutoka garini mpaka kitini, si mtu mwengine. Nitaketi ubavuni mwake, bega kwa bega. Kikapu cha halua nitakipakata mimi. Nitaushika mkanda wake, pande zote mbili, niupitishe juu ya buibui niukaze, nisiuachie mpaka nisikie chuma kimelia. Na mhudumu akija kuniuliza kama mama amefunga, sitamjibu.

Nitamwambia amuulize mwenyewe.

Shemejiyo,
Mahfudh